Nakala, mwigo na bandia: bastola za Herstal na wale waliozifuata

0. Utangulizi

Kiswahili kina maneno matatu ambayo mnunuzi wa kitu cha kale hana budi kuyatenganisha kabla hajafungua mfuko wake: nakala, mwigo na bandia. Nakala ni neno lenye asili ya Kiarabu, na ndani yake mna maana ya kuhamisha. Aliyenakili utenzi kutoka hati moja hadi nyingine alitarajiwa kuuhamisha mzima, kila mshororo mahali pake. Mwigo hautoi ahadi ya namna hiyo. Mwenye kuiga huchukua sura au mwendo wa mwingine, na undani wake ukabaki ule ule aliokuwa nao. Bandia ni jambo la tatu, kwa kuwa hudai jina lisilo lake. Si ajabu kwamba neno hilo hilo humtaja mwanasesere, mtoto mwenye macho asiyeona.

Makala haya yanayachukua maneno hayo na kuyapeleka mahali ambapo hayajazoea kutembea, yaani katika historia ya bastola za kijeshi zilizotoka Herstal, mji wa viwanda ulio kando ya Liège nchini Ubelgiji, na ya bastola nyingine nyingi zilizotengenezwa kwa kuzifuata ili zipatikane kwa bei nafuu. Swali linaloongoza uchunguzi ni jepesi kulitamka: asiyeweza kumudu chombo cha asili achague kipi kati ya vile vinavyofanana nacho? Siku hizi wanaouliza hivyo ni wakusanyaji wa silaha za kale na walenga shabaha katika nchi ambazo sheria inawaruhusu. Kabla yao waliouliza walikuwa mawaziri wa vita, na waliolipia jibu baya walikuwa askari.

Kwa msomaji wa Kongo, Liège si jina la mbali. Mafundi wa mji huo walitengeneza bunduki nyingi za bei ndogo kwa ajili ya biashara ya Afrika katika karne ya 19, zile ambazo Kiswahili kiliziita magobori. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ulipopiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, uliacha nafasi kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, mahali ambapo serikali zingekubali. Sheria ikampangia Mwafrika muundo uliokwisha kupitwa na wakati, na Mzungu akabaki na ule mpya. Suala la nani apate chombo chenyewe na nani apate kifanani chake ni la siku nyingi, wala halikuanza na bastola.

1. Herstal

Kampuni ya Fabrique Nationale ilianzishwa mwaka 1889 kwa kazi moja, nayo ni kulitengenezea jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za aina ya Mauser. Muundo wake ulikuwa wa Kijerumani. Mikono iliyozifua ilikuwa ya Kibelgiji. Hivyo kiwanda ambacho baadaye kingefuatwa na mafundi wa mabara manne kilizaliwa kikinakili kazi ya mwingine, ila kwa idhini.

Mwaka 1897 kiwanda hicho kilifanya mapatano na John Moses Browning, fundi Mmarekani aliyezaliwa Ogden, katika Utah, mwaka 1855. Matokeo yake ya kwanza yalikuwa bastola ndogo inayojipakia yenyewe, ya kipenyo cha milimita 7.65, ambayo hujulikana kwa mwaka wa 1900. Ikafuata nyingine kubwa zaidi mwaka 1903, iliyokusudiwa majeshi na polisi. Sifa ya bastola hizo ilienea kiasi kwamba katika Kifaransa jina la mtu likageuka nomino ya kawaida: mtu aliweza kusema ana “browning” mfukoni kama vile ambavyo Mswahili husema ana bunduki, bila kukumbuka kwamba neno bunduki nalo lilianza safari yake likiwa jina la tunda dogo gumu katika Kiarabu.

Utaratibu wa bastola ya 1903 ni rahisi kuueleza. Sehemu ya juu, iliyoufunika mtutu, haijafungwa kwa kitu chochote risasi inapolipuka. Uzito wake pamoja na springi ndivyo vinavyoichelewesha hadi nguvu ya mlipuko ipungue. Kisha hurudi nyuma, hutupa ganda tupu, hurejea mbele na kusukuma risasi mpya kutoka katika magazini, kile kikasha kinachopachikwa ndani ya mpini. Wepesi huo ndio uliowavutia waigaji. Kifaa chenye kufuli tata humtia hofu fundi asiye na mashine sahihi, lakini kifaa kinachotegemea uzito na springi humwambia: hata wewe utaweza.

Sweden iliichukua bastola hiyo kwa jeshi lake mwaka 1907. Vita Kuu vya Kwanza vilipoikata Ubelgiji na wateja wake, kiwanda cha Husqvarna kikaanza kuitengeneza nchini Sweden kwenyewe mwaka 1917 na kuendelea kwa miaka mingi. Hiyo ilikuwa nakala katika maana kamili ya neno. Ufaransa, katika vita hivyo hivyo na kwa haja kubwa zaidi, ilipata kitu kingine.

2. Eibar

Wajerumani waliiteka Liège mwezi Agosti 1914, na viwanda vya Herstal vikawa nyuma ya safu za adui. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na bastola yake rasmi, ile ya silinda ya mwaka 1892, lakini viwanda vya Ufaransa vilikuwa na shughuli za bunduki, mizinga na risasi, na idadi ya watu waliohitaji silaha ndogo ilikua kila mwezi: maafisa, waendesha magari, wapiga mizinga, na wanaume walioingia katika mahandaki membamba ambamo bunduki ndefu haikugeuka. Ikabidi kutazama ng’ambo ya milima ya Pyrenees, katika nchi isiyoshiriki vita.

Eibar ni mji mdogo wa Wabasque, katika jimbo la Gipuzkoa, ambao watu wake waliishi kwa kufua silaha kwa vizazi vingi. Karakana zilikuwa ndogo na zilizotegemeana: huyu alitoboa mitutu, yule alitengeneza springi, wa tatu alikusanya vipande na kuvilinganisha kwa tupa hadi vikaingiana. Sheria ya hataza ya Hispania ilimtaka mwenye haki ya uvumbuzi aitumie nchini humo katika muda maalumu, la sivyo ulinzi wake ulikoma. Wenye viwanda wa nje hawakujisumbua kufungua karakana Hispania. Kwa hiyo mbele ya sheria ya nchi yao mafundi wa Eibar hawakuwa wezi walipoifungua bastola ya Browning mezani na kupima kila kipande. Ni vema jambo hilo likumbukwe, kwa sababu waandishi wengi wa silaha huitaja Eibar kwa dharau ambayo historia yake haistahili.

Kampuni ya Gabilondo y Urresti ilikuwa na bastola iliyoitwa Ruby. Kwa sura na utaratibu ilifuata Browning ya 1903, ila ilitumia risasi ndogo zaidi ya milimita 7.65, na magazini yake ilibeba risasi 9 badala ya 7. Wafaransa waliijaribu, wakaridhika, na mwaka 1915 wakaagiza bastola 10,000 kila mwezi. Kabla mwaka haujaisha walikuwa wanataka 30,000 kwa mwezi. Hakuna kampuni moja ya Eibar iliyoweza kufanya hivyo. Gabilondo ikagawa kazi kwa majirani, majirani wakawagawia wengine, na hatimaye Wafaransa wenyewe wakaanza kufunga mikataba na yeyote aliyekuwa na tanuri na tupa. Hadi vita kwisha, kampuni zipatazo 50 zilikuwa zimeingia katika kazi hiyo, na bastola zilizopokewa zilizidi 700,000.

Hapo ndipo tofauti kati ya nakala na mwigo ilipojitokeza, tena si katika vitabu bali katika mahandaki. Kila karakana ilikuwa na vipimo vyake. Magazini ya fundi mmoja haikuingia katika bastola ya fundi mwingine. Au iliingia, lakini haikukaa imara. Au ilikaa, lakini midomo yake ilikuwa chini kidogo au juu kidogo, na risasi ikakwama njiani. Askari aliyeokota magazini ya mwenzake aliyeanguka hakuwa na hakika kwamba ameokota kitu kitakachomfaa. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya kialfabeti: bastola zilipigwa mhuri wa herufi mbili za mtengenezaji, na herufi hizo hizo zikapigwa chini ya magazini, ili mwenye bastola yenye GU atafute magazini yenye GU. Ni mara chache maishani herufi mbili huamua mambo makubwa kiasi hicho. Jeshi liliamini kwamba limenunua aina moja ya bastola, kumbe lilinunua hamsini, na herufi ndizo zilizoungama siri hiyo.

Kulikuwa na kasoro nyingine. Kishikio cha usalama kiliweza kusukumwa bila kukusudia bastola ilipokuwa ndani ya ala yake ya ngozi. Ikabidi kuongeza kijipande cha chuma kilichochomoza ubavuni mwa sehemu ya juu ili kuisukuma ngozi mbali. Ubaya mkubwa zaidi ulikuwa wa feleji. Sura huonekana, ugumu wa feleji hauonekani. Kipande kidogo kinachoizuia nyundo isianguke, kisipokazwa vizuri kwa moto, huliwa polepole, na bastola iliyofyatuka sawasawa mara mia mbili inaweza kufyatuka yenyewe mara ya mia mbili na moja. Baadhi ya karakana za Eibar zilifanya kazi safi kabisa, hasa Gabilondo yenyewe, na bastola zake nyingi zilidumu katika mikono ya Wafaransa hadi vita vilivyofuata. Nyingine zilitoa chuma laini kama wembe wa bei rahisi. Aliyezipanga mezani asingeweza kuzitofautisha kwa macho.

Kutoka Eibar tunapata basi kanuni ambayo mnunuzi wa leo bado anaihitaji, nayo ni kwamba nakala hupimwa kwa kipuri. Chukua magazini ya chombo cha asili, uipachike katika kile unachouziwa. Ikiingia na kufanya kazi, kuna aliyepima kwa uangalifu. Isipoingia, muuzaji anakuuzia sura.

3. Herufi zisizosomeka

Mfano wa China utasemwa kwa ufupi, lakini mwanafunzi wa lugha hawezi kuupita. Kati ya mwaka 1919 na 1929 mataifa makubwa yalikubaliana kutoiuzia China silaha, wakati nchi hiyo ilikuwa imegawanyika kati ya majenerali waliopigana wao kwa wao. Karakana nyingi, baadhi za kijeshi na nyingine za uani, zikaanza kutengeneza bastola kwa mfano wa zile za Ulaya, na bastola ya Herstal ya 1900 ilikuwa miongoni mwa zilizopendwa mno.

Bastola hizo zina maandishi ya Kilatini ubavuni, na maandishi hayo ndiyo yanayozifichua. Mchongaji hakuyasoma, aliyachora. Kwa jicho lake herufi N haikuwa na mbele wala nyuma, kwa hiyo ikageuzwa. Maneno yalikatwa katikati, yakaungwa na mengine, yakajaza nafasi iliyokuwepo; wakati mwingine ni safu ya herufi isiyotamkika katika lugha yoyote. Alijua tu kwamba bastola nzuri huandikwa mahali hapo, na kwamba mnunuzi, ambaye naye hakusoma Kilatini, angekagua kama pameandikwa. Hapa ndipo neno bandia linapopata haki yake. Mwigo wa Eibar ulikuwa na jina lake mwenyewe, Ruby, na anwani ya mtengenezaji. Bandia ya China ilivaa jina la Browning bila kuweza kulisoma.

Ulaya yenyewe ilijua mbinu ya kistaarabu zaidi. Bastola za silinda za Kihispania ziliandikwa ubavuni, kwa herufi kubwa, jina la kampuni mashuhuri ya Kimarekani, na kwa herufi ndogo maneno yaliyoeleza kwamba jina hilo ni la risasi zinazofaa kutumika. Sarufi haikuvunjwa, wala uongo haukusemwa. Ukubwa wa herufi tu ndio uliodanganya.

4. Bastola ya mwaka 1935

Bastola ambayo leo hunakiliwa kuliko zote zilizotoka Herstal ni ile ya mwaka 1935, iliyoitwa Grande Puissance, yaani nguvu kubwa, na ambayo wengi huijua kwa jina la Hi-Power. Historia yake inamweka katika mashaka yeyote anayedhani kwamba kitu cha asili huzaliwa kwa siku moja kutoka kichwa kimoja.

Baada ya vita jeshi la Ufaransa, labda kwa kuwa lilikuwa limeonja Ruby za kutosha, lilitaka bastola mpya yenye kubeba risasi nyingi. Browning alianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1920, lakini alikuwa amefungwa na kazi yake mwenyewe: njia bora alizowahi kuvumbua zilikuwa katika bastola ya jeshi la Marekani ya mwaka 1911, na hataza zake zilikuwa za kampuni ya Colt. Akalazimika kujizungusha ili asijinakili. Alifariki Herstal, kiwandani, tarehe 26 Novemba 1926, kazi ikiwa haijakwisha. Aliyeimaliza ni Mbelgiji Dieudonné Saive, ambaye ndiye pia aliyebuni magazini yenye safu mbili za risasi zinazopishana, ikabeba risasi 13 katika mpini usiozidi ukubwa wa kiganja. Hataza za Colt zilipokwisha mwaka 1928, Saive akachukua kutoka bastola ya 1911 alichokihitaji na kukitia katika hii mpya. Ubelgiji iliipokea mwaka 1935. Ufaransa, iliyoiomba, ilichagua bastola nyingine.

Kwa hiyo hata hapa “asili” ni muungano wa wazo la Mmarekani, kichwa cha Mbelgiji, ombi la Mfaransa na hataza iliyokufa. Hilo halipunguzi thamani yake. Linaonyesha tu kwamba mpaka kati ya kubuni na kunakili hauko mahali ambapo wauzaji huuchora.

Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Herstal kwa mara ya pili, na safari hii hawakukiacha kiwanda kilale. Bastola zaidi ya 300,000 zilitengenezwa chini ya amri yao. Zilitoka mahali pale pale, katika mashine zile zile, zikiwa na jina la kiwanda kile kile. Lakini kadiri vita vilivyoendelea kazi ikaharakishwa, uso wa chuma ukabaki na mikwaruzo ya mashine, na uangalifu wa kabla ya vita ukatoweka. Mkusanyaji anayelipa ghali kwa sababu tu ameona jina la Herstal afikirie ni nani aliyekuwa amesimama nyuma ya fundi siku ile.

Wakati huo huo Saive na wenzake walikuwa wamefika Uingereza. Michoro ilichorwa upya, na kazi ikapewa kampuni ya John Inglis ya Toronto, nchini Kanada, kwa sababu serikali ya China ya Chiang Kai-shek ilihitaji bastola hizo. Michoro peke yake haikutosha; Wakanada wakapima bastola chache zilizotengenezwa Herstal kabla ya vita na kuuzwa China, wakarudisha vipimo katika karatasi. Kati ya mwaka 1944 na 1945 zilitoka bastola zaidi ya 150,000. Zile za China zilikuwa na kilengeo cha kupandisha na kushusha kilichoandikwa hadi mita 500, umbali ambao hakuna mtu mwenye akili timamu angetarajia kupiga kitu kwa bastola, pamoja na ala ya mbao iliyogeuka kuwa kitako cha begani.

Inglis ni mfano bora wa nakala. Ilitengenezwa mbali na kwao, na watu ambao hawakuwahi kutengeneza bastola hiyo kabla, kwa vipimo vilivyotolewa kwenye chombo kilichotumika. Lakini vilipimwa kweli, na feleji ilikazwa kweli. Majeshi ya Kanada na ya Uingereza yalizitumia kwa miaka mingi. Uingereza iliifanya bastola ya Herstal kuwa yake rasmi mwaka 1954 na haikuanza kuiondoa hadi mwaka 2013, na nchi zaidi ya 50 ziliitumia kwa wakati mmoja au mwingine.

5. Meza ya mnunuzi

Baada ya vita orodha ya walionakili ni ndefu, wala haina haja ya kukaririwa yote. Indonesia ilitengeneza yake katika kiwanda cha Pindad. Ajentina ilitengeneza yake kwa idhini ya Herstal, katika kiwanda cha serikali huko Rosario. India ilifuata mfano wa Inglis katika kiwanda cha Ishapore. Nchi hizi zilifanya hivyo kwa sababu iliyo wazi: jeshi linalonunua bastola nje hununua pia kila springi na kila kipini kwa fedha za kigeni, tena kwa ridhaa ya muuzaji.

Hungaria inastahili kusimamiwa kidogo, kwa kuwa imewakwaza wanunuzi wengi. Kiwanda cha FEG cha Budapest kilitoa bastola kadhaa ambazo kwa mbali zote ni Hi-Power. Ile iitwayo P9M ni nakala ya kweli. Vipuri vingi vya Herstal huingia ndani yake. Ile iitwayo P9R ina uso huo huo, lakini mfumo wake wa kufyatua na mambo mengi ya ndani yalichukuliwa katika bastola ya Kimarekani ya Smith & Wesson, kiasi kwamba aliyenunua magazini ya Browning kwa ajili yake amepoteza fedha. Herufi moja ya mwisho, M au R, ndiyo inayotenga nakala na mwigo. Mhuri wa Eibar umerudi kwa sura nyingine.

Kuhusu feleji, wako wanaosema kwamba fremu iliyofuliwa kwa nyundo ni halali na iliyosubiwa katika kalibu ni ya kudharauliwa, na kwa hoja hiyo huzikataa nakala zote za bei ndogo. Hoja hiyo ina upungufu. Katika miaka ya 1990 Herstal yenyewe iliacha kufua na kuanza kusubu fremu za Hi-Power, ili kuziwezesha kustahimili risasi yenye nguvu zaidi. Cha kuuliza ni ustadi wa mwenye tanuri, na mahali pa kuulizia ni alama ya majaribio. Liège ilianza kuijaribu mitutu kwa sheria mwaka 1672, kwa kulipua ndani yake baruti nyingi kuliko kawaida kabla ya kuipiga mhuri, na utaratibu huo, baada ya kuboreshwa, bado unafuatwa katika nchi kadhaa. Mhuri hauahidi kwamba bastola italenga vizuri. Unaahidi kwamba imekwisha kulipuliwa mara moja na mtu mwingine, chini ya ulinzi, na haikupasuka. Kwa mwenye fedha chache huo ni ushahidi wenye thamani kuliko mng’aro wa rangi au mbao nzuri za mpini.

Jambo jingine huzua ubishi. Ombi la Wafaransa lilidai bastola isifyatuke ikiwa magazini imetolewa, hata kama risasi moja imebaki ndani ya mtutu. Herstal ikaweka kifaa hicho, na kwa sababu kinasugua magazini kila kifyatuo kinapovutwa, kifyatuo kimekuwa kizito tangu mwaka 1935. Mwaka 2021 kampuni ya Springfield Armory ya Marekani ilipoanza kuuza nakala yake kwa bei ya chini ya dola 700, kifaa hicho hakikuwemo. Je, ni nakala bado? Wanaokariri tenzi wanalijua tatizo hili: mnakili aliyekuta mshororo wenye mizani mbovu, akaunyoosha. Wasomaji walishukuru, mhariri aliyetafuta hati ya kwanza alikasirika. Atakayeipeleka bastola uwanjani kulenga shabaha atafurahi. Atakayeiweka kabatini kama kielelezo cha mwaka 1935 ameuziwa hati iliyosahihishwa.

Kuelekea mwisho wa uhai wake, Hi-Power ya Herstal ilikuwa imekuwa ghali mno kushindana na bastola zenye fremu za plastiki, na mwaka 2018 ikatangazwa kwamba haitengenezwi tena. Nafasi hiyo ilizibwa hasa kutoka pwani ya Bahari Nyeusi, nchini Uturuki, ambako mafundi wa vijijini walikuwa wakitengeneza bastola kwa siri na kwa tupa miaka mingi kabla viwanda vyenye leseni havijaanza kusimama katika miaka ya 1990. Ukiziweka Eibar ya 1910 na Trabzon ya 1980 bega kwa bega, utaona ndugu wawili. Tofauti ni kwamba ndugu wa pili alipata mashine zinazoongozwa na kompyuta, ambazo hukata kipande cha elfu kumi kwa kipimo cha kile cha kwanza. Kampuni ya Tisaş ya Trabzon ina nakala yake, na Girsan, katika mji wa Giresun, inatengeneza bastola iitwayo MC P35, ambayo kwa bei ni miongoni mwa zilizo nafuu kabisa.

Kampuni ya Herstal nayo ikarudi sokoni. Mwaka 2022 ilitoa bastola mpya yenye jina la zamani, High Power, kwa bei iliyozidi dola 1,200. Sura inakumbusha ile ya 1935, mhuri ni wa kiwanda chenyewe, na jina ni halali kabisa. Inabeba risasi 17. Undani wake ulibuniwa upya, na vipuri vya ile ya zamani haviingii. Magazini iliyotengenezwa Herstal katika miaka ya Saive, ukiileta mbele ya bastola ya Herstal ya mwaka 2022, haina pa kukaa. Ukiileta mbele ya ile ya Giresun, inaingia na kujifunga.